Neno "Njiani" Lilinipokonya Mama

Nina umri wa miaka ishirini na nane, sijaoa, na ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga Kilakala, mjini Morogoro. Dirisha langu linatazama milima ya Uluguru. Asubuhi isiyo na mawingu ninakiona kilele ambacho nyuma yake kuna kijiji nilicholelewa. Siku kama hizo huwa nafunga pazia...

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa yenu mingi. Wengi wenu mlitendwa. Mimi si hivyo. Mimi ndiye niliyetenda!

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne. Alinichukua mdogo wake, Mama Mdogo, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Yeye hakujaaliwa mtoto. Nilikuwa mimi tu.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini mvua inaanzia juu? Kwa nini maiti huoshwa? Kwa nini imamu hakosei? Watu wazima walinifukuza, yeye hakunifukuza hata siku moja. Aliniita Kwa Nini. "Kwa Nini, njoo ule!" "Kwa Nini, leo umeoga au umelowesha miguu tu?" Jina likanikaa. Kwa mshahara wake wa uuguzi, na ndizi alizokuwa akiuza, Kwa Nini akafika chuo kikuu na kusomea takwimu.

Chuo kilininoa zaidi. Nilirudi nikiwa siamini kitu. Siamini wanasiasa, siamini waganga, siamini taarifa yoyote yenye muhuri. Nilijiona mtu mmoja mwenye macho katika nchi ya watu waliolala. Kumbe!

Nilikaa karibu miaka miwili bila ajira. Ndipo nikapata mkataba wa miezi michache katika timu ya kuhakiki takwimu za vituo vya afya mkoani. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Kituo chenye matokeo mazuri kiliongezewa fedha na dawa. Chenye matokeo mabaya kilibanwa. Kimojawapo cha vipimo kilikuwa idadi ya kina mama waliojifungulia kituoni. Sisi tulitakiwa kuchukua majina kwenye rejesta, kuwatafuta kina mama wenyewe, na kuwauliza kama ni kweli.

Orodha ya vituo ilipotoka, zahanati ya Mama Mdogo ilikuwemo. Ilisifika kuliko zote za milimani. Msimamizi wetu aliuliza nani anaijua njia ya kule. Nikanyoosha mkono.

Je, nilisema kwamba muuguzi wa pale ndiye aliyenilea? Nilisema. Tena kwa majivuno! Nikamwambia msimamizi kuwa kwangu takwimu hazina undugu. Alinipiga begani akasema vijana kama mimi ndio wanaohitajika.

Nikapanda mlima na kishikwambi cha ofisi mkobani. Pikipiki ilinifikisha hadi barabara inapokatika, sehemu iliyobaki nikatembea. Nilifikia kwa Mama Mdogo, chumba changu kilekile cha utotoni. Alinikaangia ndizi, akanichemshia maji ya kuoga kama vile bado nina miaka saba. Akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa.

"Siri ya kazi," nikamjibu.

Alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Haya, Bwana Siri. Ukiwa na swali, mimi nipo chumba cha pili."

Sikuwa na swali. Nilikuwa na fomu.

Nilizunguka siku tatu kwa kina mama ambao rejesta ilionyesha wamejifungulia zahanati. Swali langu lilikuwa moja: ulijifungulia wapi? Majibu yalikuwa matatu: kituoni, njiani, nyumbani. Unagusa moja, kishikwambi kinakupeleka mbele.

Hebu fikirini. Mimi ni mwanaume, tena kijana waliyemwona akikua. Wa kwanza, mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali, aliniangalia akacheka.

"Wewe? Kamasi zako tumezifuta sisi, leo unatuuliza mambo ya uzazi? Huna haya!"

"Ni kazi, mama. Ulijifungulia wapi?"

"Njiani. Haya andika, njiani! Uende zako, ugali unaungua."

Wa pili, njiani. Wa tatu, kituoni. Wa nne akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo: njiani. Wa tano alikuwa Zuhura, niliyekaa naye dawati moja darasa la kwanza hadi la saba. Alikuwa amempakata binti yake wa kwanza. Nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi, naye akanijibu hivyohivyo.

"Njiani."

Kwenye rejesta, kwa mwandiko ule mzuri wa Mama Mdogo ulionifundisha kusoma, wote hao waliandikwa: kituoni. Zaidi ya nusu ya majina niliyohakiki yalikuwa hivyo!

Niliumia? Ningependa kuwaambia kwamba niliumia. Ukweli ni kwamba nilisikia raha fulani. Nilikuwa nimekamata kitu! Hata Mama Mdogo, nikajisemea, hata yeye ni walewale.

Kulikuwa na jambo jingine. Mara mbili katika siku zile nilifika zahanati saa za kazi nisimkute. Alirudi baadaye na kikapu, mabuti yake ya mpira yamejaa udongo mwekundu hadi magotini. Alisalimiana na wagonjwa waliokuwa wakingoja, akanawa, akaendelea na kazi. Nikaandika kwenye taarifa, nanukuu kwa aibu: muuguzi huacha kituo wakati wa kazi na kwenda shambani.

Nani aliniambia alikwenda shambani? Hakuna. Niliyaona mabuti, nikajijibu mwenyewe.

Taarifa yangu ilisifiwa. Mkataba wangu ukaongezwa. Mama Mdogo akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Nilipata kuiona barua aliyojibu, mstari mmoja tu: "Naomba waulizwe wazazi wenyewe."

Ofisi ikamjibu kwamba wazazi walishaulizwa.

Na mwulizaji alikuwa mimi!

Aliondolewa pale, akahamishiwa zahanati moja upande wa Kisaki, kule chini kwenye joto. Zahanati yetu ikakatwa fungu lake la kipindi kilichofuata. Siku anaondoka nilipanda kumsaidia kubeba mizigo. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilitaka aone kuwa mimi si mbaya, mimi ni mkweli tu.

Wanawake walijaa uani. Hakuna aliyeniitikia salamu. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini. Mama Mdogo alikuwa amechuchumaa, anayafunga mabuti yake kwenye mfuko wa nailoni.

"Kwa Nini," akaniita bila kuinua uso. "Ulikuwa unalala chumba cha pili. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Nami, mjinga msomi, nikamjibu mbele ya watu wote: "Ningekuuliza, ungenidanganya."

Alifunga fundo la mfuko, akalikaza. Akasema, "Haya." Basi. Alibeba mfuko wake mwenyewe, akanipita.

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho aliloniambia kama mama.

Masika ya mwaka uliofuata yakaingia. Muuguzi mpya aliyeahidiwa hakufika. Mara ilisemekana yuko njiani, mara uhamisho wake umesitishwa, mara kituo chenye matokeo mabaya hakipewi kipaumbele. Mlango wa zahanati ukafungwa kwa kufuli. Dawa zilizobaki zikachukuliwa kabla hazijaharibika. Mimi nilikuwa mjini nikihakiki vituo vingine. Nilizipata habari hizo, nikaziona ni matatizo ya mfumo. Neno zuri sana hilo, mfumo. Halina uso.

Halafu nikasikia Zuhura amepoteza mtoto.

Nilipanda kwenda kutoa pole. Kijana mwenye pikipiki alipojua naenda wapi alicheka kicheko kikavu. "Msomi, safari hii unakwenda kumfunga nani?" Nikatamani kushuka.

Mume wa Zuhura hakunikaribisha, ila hakunizuia. Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilianza kusema maneno ya pole, akaniinulia kiganja.

"Binti yangu wa kwanza nilimzaa wapi?"

"Njiani," nikasema. "Uliniambia mwenyewe."

"Nani alinipokea?"

Nikaanza tena maneno ya pole.

"Si nakuuliza? Nani alinizalisha?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukuuliza! Ulitaka neno moja ukabonyeze hicho kidude chako. Nikakupa neno moja. Ningekueleza nini, wewe mwanaume, nilivyokuwa nimelala pale mbele za watu?"

Ndipo akanieleza, polepole, kama anayemfundisha mtoto mgeni darasani. Uchungu ukianza, walimpigia simu Mama Mdogo. Wao wanateremka na machela kutoka vitongoji vya juu, yeye anapanda kutoka zahanati na kikapu chake: glavu, vibana kitovu, sindano ya kuzuia damu, shuka safi. Wanakutana kwenye jiwe pana lililo katikati ya njia. Mtoto akionyesha kutaka kungoja, wanaendelea hadi zahanati. Asipotaka kungoja, anazaliwa palepale, katika mikono ya muuguzi wa serikali, kwa vifaa vya serikali. Kisha mama na mtoto wanapelekwa zahanati, wanapimwa, wanalazwa, wanaandikwa.

Walikuwa na msemo wao wa utani pale kijijini. Ukiuliza zahanati iko wapi, walikujibu: inategemea nesi amefika wapi.

Safari hii walifika kwenye jiwe wakakuta hakuna mtu. Walijua kwamba hakutakuwa na mtu... lakini Zuhura anasema miguu ya wabebaji ilisimama yenyewe. Wakaenda hadi kwenye kufuli. Wakageuza kuelekea mjini, mvua inanyesha, utelezi. Mtoto alizaliwa barabarani na hakulia.

"Sasa huyu," Zuhura akaniambia, "huyu ndiye umwandike njiani."

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka nimesimama kwenye lile jiwe. Udongo wa pale ni mwekundu. Unashika kiatu hadi juu. Ulikuwa ni uleule wa kwenye mabuti!

Nilirudi ofisini nikaandika taarifa ya kusahihisha, kurasa nne. Msimamizi alizisoma. Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Alisema kipindi kile kilishafungwa na fedha zilishagawanywa. Halafu akanirudishia maneno yangu mwenyewe, kwamba takwimu hazina undugu, na kwamba kwa mujibu wa fomu njiani si kituoni, hata awepo nani. Nikamwuliza fomu aliitunga nani, na kama amewahi kupanda mlima. Akasema hilo ni swali zuri.

Mkataba ulipoisha sikuomba mwingine. Mjomba hapokei simu zangu. Wenzangu wa chuo wananiambia nisonge mbele. Mpaka leo sijui kama kanuni ingemkubalia Mama Mdogo kuandika alivyoandika. Labda ilimbidi aandike vile, maana angeandika njiani dawa zingepungua, na dawa zikipungua kikapu kingekuwa kitupu. Bado najiuliza. Ila yule ambaye angenijibu alikuwa chumba cha pili, na sasa chumba hicho ni kitupu.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Kisaki. Niliikuta zahanati yake asubuhi, watu wamejaa kwenye benchi. Amekonda. Miwani imefungwa kwa plasta upande mmoja. Nikamsogelea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakushtuka. "Foleni inaanzia kule."

Nikaenda kukaa kule. Zamu yangu ilipofika aliniwekea kiti, akachukua kadi mpya, akaanza kuniuliza kwa sauti ileile anayomuulizia kila mtu. Jina langu kamili. Hakuandika Kwa Nini. Umri. Mahali ninapoishi. Nasumbuliwa na nini, tangu lini, nalala vizuri, nakula? Aliuliza yote. Hakuruka hata moja! Nikahisi machozi yananitoka, kwa sababu nilielewa: hivi ndivyo mtu anavyoulizwa.

Mwisho akafika kwenye mstari wa ndugu wa karibu.

"Ni wewe," nikasema.

Kalamu ilisimama juu ya kadi. Ilisimama muda mrefu. Nje mtoto wa mtu alikuwa akilia. Kisha akaiweka kalamu mezani, akanipa kadi pamoja na dawa za kunisaidia kulala, akaita, "Anayefuata!"

Ndugu zangu, hasa ninyi mliosoma, mnaotumwa na vishikwambi kwenda kupima kazi za watu. Sisemi msikague. Wezi wapo, na rejesta za uongo zipo. Nawasihi tu, mkipata jibu linalowafurahisha, msiondoke. Kaeni. Ulizeni tena. Mkiona mabuti yana udongo, mwulizeni mwenye mabuti ametoka wapi. Na aliyewalea akiwa chumba cha pili, gongeni mlango.

Mimi nitapanda tena basi mwezi ujao. Nitakaa kwenye foleni kama wagonjwa wengine. Kadi ninayo hapa mezani ninapoandika, na ule mstari wa ndugu wa karibu bado uko wazi.