Kipimo cha Kiangazi

Ndugu zangu, asubuhi ile ilikuwa tulivu. Mpasua mbao wa mtaani kwetu, tunayemwita Kamba kwa kuwa haangushi mti kabla ya kupima kwa kamba yake, alikuwa uani akinoa msumeno. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akipinda sare za shule. Geti likagongwa, akaingia mtu wasiyemjua: mnunuzi wa mbao, viatu vinang'aa, tabasamu halimtoki.

"Bosi, nataka magogo manene. Yale ya kando ya kijito."

"Hayo hayakatwi. Kanuni inataka tuache kamba nzima kutoka majini."

"Basi kapime. Maji yenyewe siku hizi yako wapi?"

Kilikuwa kiangazi. Kinamasi cha kando ya kijito kilikuwa kimekauka, kijito kimebaki kama uzi katikati. Kamba alipima kuanzia kwenye uzi ule, na miti minene yote ikaonekana iko nje ya eneo lililokatazwa.

"Baba watoto," mkewe alisema, "bwana misitu alituambia tupime kutoka pale maji yanapofika masika."

"Wewe pima viuno vya watu, miti niachie mimi."

Yeye na mnunuzi wakacheka. Miti ikaanguka. Matawi, ili kupunguza kazi ya kuyabeba, yakatupwa kijitoni.

Masika yakaingia kwa nguvu. Mama yake Kamba, mwenye magoti mabovu, aliishi peke yake bondeni, nyumba ikitazama kijito. Mchana mmoja Kamba alikuwa kwake akiziba paa linalovuja, mama akauliza kutoka chini:

"Mwanangu, mbona kijito kimenyamaza? Afadhali, maji yamepungua."

Kamba aligeuka kutazama. Mvua ilikuwa ikimwagika, lakini mawe ya kijitoni yalikuwa wazi na samaki mmoja akitapatapa kwenye tope. Maji hayakuwa yamepungua. Yalikuwa yamezibwa huko juu na matawi yake, yanajaa, na mizizi iliyokuwa ikishika kingo alikuwa ameiua mwenyewe.

Aliruka chini. "Mama, panda mgongoni!"

"Ngoja nifunge mlango."

"Achana na mlango, mama!"

Walikuwa katikati ya mlima aliposikia mngurumo, kama malori yanamwaga kokoto kwa pamoja. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zake. Kucha za mama zilimzama mabegani.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Ni miti niliyokata."

Mama alijishikiza shingoni mwake. "Tukipona, utakwenda kumwambia bwana misitu wewe mwenyewe?"

"Nitakwenda."

Walipogeuka, nyumba haikuwepo. Palikuwa na maji mekundu yanayozunguka, na kitanda cha mama kikielea miguu juu.

FUNZO

Wapendwa, kanuni ya kuacha miti kando ya vijito na vinamasi haikuwekwa ili kumbana mpasua mbao. Ukanda ule hushika udongo na kumlinda anayeishi chini. Tupime kutoka mahali maji yanapofika yakijaa, na tusitupe hata tawi moja majini. Kamba alipima, tena kwa uangalifu, lakini alianzia mahali palipompendeza mnunuzi. Nawaomba sana, tusifanye hivyo. Bado tunaweza kuiokoa miti iliyobaki.

Na ile ahadi? Mnunuzi alirudi kabla tope halijakauka.

"Nyamaza tu, bosi. Kila mtu anailaumu mvua. Ukisema, leseni inakwenda na msumeno unakwenda. Utakula nini?"

Kamba alimtazama mama yake, amelala kwenye mkeka kando ya cherehani, bado anashtuka kila bati linapogongwa na tone. Mkewe alisema polepole, "Mimi naogopa, baba watoto. Lakini ulimwahidi."

Kamba alitoka na msumeno begani, akaukabidhi kwa bwana misitu, akarudi mikono mitupu. Kesho yake bwana misitu alikuja, na Kamba, mbele ya majirani waliokuwa wakimzomea, akamwonyesha kisiki kimoja baada ya kingine.