Kashata Alizonyang'anya Mtani

Kila alfajiri, kabla mabasi ya Lindi hayajaanza kusimama Somanga, Samia alikuwa ameshapepeta ufuta na kuwasha jiko. Bibi yake, Bi Somoe, aliukaanga ule ufuta, akayeyusha sukari mpaka ikawa rangi ya asali, akachanganya na kukata kashata. Abiria walizijua. Wengine waliziulizia hata kabla basi halijasimama.

Jambo moja lilimuuma Samia. Tangu bibi aambiwe ana kisukari, huu mwaka wa pili, hakuonja tena mapishi yake mwenyewe. Alimpa mjukuu kipande cha kwanza, akamtazama akitafuna, akauliza, "Imekolea?" Samia alijibu ndiyo kila siku, hata siku ufuta ulipoungua, maana hakuwa na moyo wa kumkosoa. Mtu awapikie wenzake utamu, yeye asiuguse! Samia aliona ni uonevu mtupu.

Basi mjomba Shaaban akaja kutoka Dar es Salaam na pakiti ya unga mweupe, mtamu. Akaeleza kuwa unaitwa sorbitoli, wanautumia wenye kisukari, na bibi atie kijiko kimoja kwenye chai, kimoja tu. Nyuma ya pakiti palikuwa na maandishi madogo. Samia, msomaji hodari wa darasa la sita, aliyaona na hakujishughulisha nayo. Alichokishika yeye ni kwamba ule unga si sukari. Kama si sukari, alijiambia, utamdhuru nini?

Jumamosi bibi alikwenda kliniki. Samia akabaki jikoni, akamimina pakiti nzima kwenye sufuria. Akangoja rangi ya asali, wapi! Kashata zikatoka nyeupe, zinanata vidoleni. Hata hivyo akapanga vipande kumi na viwili kwenye sahani, akafunika kawa, akakaa kumngoja bibi kwa furaha.

Aliyetangulia kufika ni Mzee Modesti, jirani yao Mmakonde, mtani wa Bi Somoe tangu ujana wao. Na mtani, kama mjuavyo, habishi hodi kwenye chakula. Alifunua kawa, akaichukua sahani na kusema cha mtani hakina mwenyewe. Samia alifungua mdomo amwambie, akaona haya kuitoa siri yake, akaufunga. Njiani mzee akakutana na Bi Somoe anarudi, na sahani i mkononi mwake, ameirudishia kawa. Wakataniana mpaka wakacheka, bibi akiamini ni kashata zake za asubuhi.

Mzee Modesti alizila zote. Kufika magharibi tumbo lilikuwa limemjaa gesi, linanguruma, na njia ya chooni akaijua vizuri. Kulipokucha alipelekwa zahanati, macho yamezama, hana nguvu. Mkewe, Mama Rosemary, hakuwa na utani na mtu. Aliwaeleza wote kituoni kwamba mumewe ameugua kwa kashata za Bi Somoe. Siku hiyo mabasi yalisimama na kuondoka, na beseni la kashata likarudi nyumbani limejaa.

Bi Somoe hakugombana na mtu. Aliosha kikaango chake, akakigeuza kifudifudi pembeni ya jiko.

"Mkono umezeeka," akamwambia Samia. "Labda ufuta ulikuwa umeharibika na sikujua, maana sionji. Leo ndiyo mwisho. Sitaki kumuua mtu."

Samia aliona jinsi bibi alivyokitazama kile kikaango, na machozi yakamtoka. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini bibi alikuwa anajilaumu bure.

"Bibi, si mkono wako," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote. Bi Somoe alichukua ile pakiti tupu, akamshika mjukuu mkono, wakaenda moja kwa moja zahanati.

Muuguzi Jenipher aliyasoma yale maandishi madogo, akatikisa kichwa. Palikuwa pameandikwa kwamba unga huo ukiliwa kwa wingi huharisha. Aliwaeleza kuwa si sumu, na kidogo hauwasumbui watu wengi. Ila tumbo haliwezi kuufyonza wote. Unaobaki huvuta maji na kuleta gesi. Tena si kweli kwamba hauongezi sukari mwilini kabisa, kwa hiyo hata mwenye kisukari hujipimia. Kwa Mzee Modesti hatari ilikuwa kupungukiwa maji, na alikuwa ameshanyweshwa ya kutosha.

Samia akampigia mzee magoti, akamwomba radhi.

"Mwizi hashtaki," Mzee Modesti akasema kwa sauti dhaifu. "Ila mjukuu wa mtani, siku nyingine nipigie kelele."

Mama Rosemary aliona haya. Siku ya pili alisimama kituoni, akanunua kashata, akaitafuna mbele za watu na kueleza ukweli wote. Beseni likaanza kuisha tena.

Lakini jambo moja lilibaki kumchoma Samia, nalo ni maneno ya Jenipher walipokuwa wanaaga.

"Ungeniuliza," muuguzi alimwambia. "Bibi yako vipimo vyake ni vizuri. Kipande kidogo baada ya chakula, mara mojamoja, ningemruhusu."

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Bi Somoe alikata kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakitia mdomoni. Samia akamtazama akitafuna taratibu, akamuuliza, "Imekolea?"

Bibi alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Ufuta umeungua," akasema. "Na wewe asubuhi umeniambia ndiyo." Akamvuta karibu, akamkumbatia. "Huruma yako naipenda, mjukuu wangu, lakini huruma inayoficha ukweli inamlaza mtu zahanati. Ukinipikia, niambie umetia nini. Ukinionjea, niambie kilivyo."

Kesho yake alfajiri Samia alipewa kipande cha kwanza. Akatafuna, akafikiri.

"Bado, bibi," akasema. "Ongeza ufuta."