Kipande Alichoacha Joyline

Jua lilikuwa linatua upande wa Mlima Kenya Karwirwa alipofunga mlango wake, akatundika kiondo begani na kushika njia ya kwenda kwa Mithika. Hakukuwa mbali. Unapita soko la Kianjai, unapita kinu cha kusaga mahindi, kisha unateremka katikati ya mashamba ya miraa hadi kwenye geti jeusi. Waliomwona walimsalimia na kusema mwalimu anaenda sherehe, na kweli alikuwa anaenda sherehe. Mdogo wake Kiende alikuwa anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa huko kwa mchumba wake. Wanawake wa kikundi chao cha kufuma walikuwa wanamsubiri Karwirwa tu, kwa sababu kipande cha mwisho cha shali kilikuwa ndani ya kiondo chake.

Aliingiza mkono kukipapasa.

Kilikuwa kimelowa.

Alisimama njiani. Alikuwa amekianika kipande hicho juani tangu asubuhi, akakianua kikiwa kikavu. Sasa maji yalikuwa yanachuruzika hadi chini ya kiondo, na yalinuka sabuni ya kipande, ile ya buluu. Alijiambia kwamba amekosea, kwamba labda aliweka kiondo mahali penye maji. Mtu mwenye hofu hujiambia mengi. Akakaza mwendo.

Wanawake hawa hawakuwa wachawi, nalisema mapema kwa sababu ya yale yaliyovumishwa sokoni baadaye. Walikuwa wanawake wa kawaida waliopenda uzi kuliko umbea, na umbea pia waliupenda. Kila Jumamosi walikutana, wakafumua sweta za mitumba, wakaosha nyuzi na kuzifuma upya. Mmoja wao akifikisha siku yake ya kuzaliwa, kila mwanachama alifuma kipande kimoja cha mraba, hata mwenye siku alifuma chake. Walimmwagia maji uani huku wakipiga vigelegele, akaenda kubadilisha nguo, kisha vipande tisa vikaunganishwa kuwa shali. Mshono wa mwisho ulishonwa shali ikiwa tayari mabegani mwake. Ndipo Kendi, mwenye studio ndogo ya picha pale sokoni, alipowapiga picha ya pamoja.

Walikuwa tisa. Sasa walikuwa wanane.

Wa tisa alikuwa Joyline, mke wa Mithika. Alifuma kwa mkono wa kushoto, akicheka sana, na hakuwahi kumwita Karwirwa kwa jina. Kwake alikuwa ni Mwalimu tu. Joyline alifia katika nyumba ile ile, siku yake ya kuzaliwa mwaka uliopita. Karwirwa ndiye aliyemwaga beseni la kwanza, la maji ya sabuni waliyooshea nyuzi. Joyline alikimbia ndani kubadilisha nguo huku akicheka, Mithika akamfuata na taulo, na baada ya muda Mithika akapiga ukemi. Mkewe alikuwa ameteleza kwenye vigae, alisema. Shauri ya maji yenu, alisema. Nao waliamini, na aliyeamini zaidi ni Karwirwa.

Kwa hiyo Mithika alipoanza kumtembelea Kiende, Karwirwa alinyamaza. Moyo wake haukumtaka mwanamume yule. Alikuwa ameona namna Joyline alivyojifunga skafu shingoni hata wakati wa jua kali. Lakini angeanzia wapi kumkataza mtu ambaye, kwa fikira zake, yeye mwenyewe alimfanya mjane? Kiende alikuwa ahamie kwa Mithika mwezi huo huo.

Mithika ndiye aliyeleta mfuko wa nyuzi za marehemu. Ndani yake kulikuwa na kipande chekundu kilichofumwa nusu, bado kikining'inia kwenye sindano za Joyline, zile ambazo baba yake alimchongea kutoka spoku za baiskeli. Kila mfumaji wa kikundi kile alijua la kufanya. Kazi ya marehemu iliyobaki kwenye sindano haiendelezwi. Inafumuliwa yote, uzi unaoshwa, unakuwa uzi tu. Karwirwa alijua hilo, lakini alipoishika sindano ya kwanza alishindwa. Alitaka Joyline awemo kwenye shali, japo kidogo. Akaendelea pale mwenzake alipoishia.

Kila alipoamka asubuhi, alikuta kipande kimeongezeka. Mishono ile mipya ililalia upande mwingine, ule wa mtu wa mkono wa kushoto. Hakumwambia mtu.

Kwa Mithika taa zilikuwa zimeshawashwa. Sebule ilinukia chapati na mukimo, na wanawake walikuwa wamekaa mkekani na shali iliyokosa kona moja ya shingoni. Wambeti, mzaliwa wa Embu na mkubwa wao kwa umri, waliyezoea kumwita Mama Njeru, alinyoosha mkono.

"Leta hiyo kipande, giza inaingia," alisema. Kisha akakishika. "Ai! Mbona iko na maji?"

"Niliiosha," Karwirwa alidanganya.

Wambeti alikigeuza, akakitazama kwa karibu. Uso wake ukabadilika. Akamsogelea na kunong'ona.

"Hii ni mkono ya Joyline."

"Nilimalizia tu, Mama Njeru."

"Ulifumua kwanza?"

Karwirwa aliinama kuweka kiondo chini.

"Mwalimu mzima," Wambeti alinong'ona. "Hiyo kitu isiingie kwa shingo ya mtoto. Tuitoe tushone bila."

Lakini Mithika alikuwa ameshaingia, mrefu, shati jeupe, jani la miraa shavuni. Alipiga makofi.

"Akina mama, shoneni tupige picha watu wakule. Na hapa hakuna kumwagiana maji. Mnajua vile mlinifanyia."

Wote waliinamisha vichwa. Alijua kulitumia neno hilo, na halikuwahi kumwangusha. Hata Wambeti alichukua sindano. Akakishona kile kipande, akaacha mshono wa mwisho.

Kiende aliketi kwenye kigoda katikati ya sebule, amependeza, anatabasamu. Karwirwa alimvika shali na kuinama nyuma yake kuufunga mshono. Sindano ilipita, uzi ukakaza.

"Dada," Kiende alisema kwa sauti ndogo. "Nasikia baridi."

"Ni sufu tu. Itapata joto."

"Hapana. Hapa kwa shingo... kuna mtu amenishika."

Tone la maji lilianguka kwenye vigae. Likafuata lingine.

Kendi hakuona kitu, alikuwa anahangaika na kamera. "Karwirwa, toka nyuma kidogo. Mithika, simama hapo, shika mabega ya bibi arusi wetu. Haya, tabasamu!"

Mithika alishika mabega ya Kiende.

Stima ikapotea.

Wanawake waliguna, mtu akacheka. "Msisonge!" Kendi alisema. "Flashi iko." Mwanga mweupe ukapiga mara moja, na kwa mwanga huo Karwirwa akaona Mithika akitabasamu, na Kiende amefumba macho.

Giza tena.

Harufu ya sabuni ilijaa chumba. Maji hayakudondoka tena, yalimwagika. Flashi ikapiga mara ya pili. Nywele za Kiende, zilizosukwa vizuri asubuhi ile, zilikuwa zimelowa na kumganda usoni.

"Mithika," alisema Kiende.

Haikuwa sauti ya Kiende. Kila mwanamke mle ndani aliijua sauti ile, ilikuwa na mkwaruzo kidogo na kicheko karibu yake. Mtu mmoja alianza kusali kwa Kimeru.

"Mithika... waambie si maji."

"Nyamaza," Mithika alisema.

"Nilikuwa natafuta nguo tu. Waambie si maji yao."

"Nyamaza! Nilikuzika! Mimi mwenyewe nilikuzika!"

Kigoda kilianguka. Kikafuata kishindo cha kichwa kugonga vigae, kisha sauti ya mtu anayetafuta pumzi na kuikosa... Kendi alikuwa amekaza kidole kwenye kamera kwa woga, na flashi ikapiga, ikapiga, ikapiga.

Mithika alikuwa juu ya Kiende. Vidole gumba vyake vilikuwa vimezama kooni mwake.

Giza.

Alimwinua kichwa na kukibamiza chini.

Giza.

Akakibamiza tena.

Karwirwa hakuwaza. Alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio hadi meno yakakutana, akaonja damu ya chumvi. Mithika alinguruma. Kiwiko chake kilimpata Karwirwa mdomoni, akasikia meno yake yakivunjika, na teke likamtupa hadi kwenye kabati la vyombo. Vioo vilimwangukia na kumchana mabega. Wambeti alikuwa anapiga kwa kitu kizito, sufuria pengine, akilia, "Muache! Muache mtoto!" Mithika alimsukuma ukutani kwa mkono mmoja, wa pili haukuachia koo.

Karwirwa alitambaa na kupapasa kiondo chake. Sindano za spoku zilikuwa humo, aliziweka mwenyewe. Alitafuta chini, pembeni, kila mahali. Zilikuwa hazipo. Kiondo kilikuwa kimejaa maji.

Ndipo akasikia.

Tik. Tik. Tik. Tik.

Sindano mbili zinagongana, haraka, kama anavyofanya mfumaji anayemalizia safu ya mwisho. Sauti ilipita karibu na sikio lake na kusogea kuelekea katikati ya chumba. Matone ya baridi yakamdondokea mkononi.

Sauti ikakoma.

Mithika alipiga ukemi mmoja tu, ukakatika katikati. Kitu cha moto kilimrukia Karwirwa usoni. Miguu ya Mithika ilipiga vigae kwa muda, ikapunguza, ikatulia. Flashi nayo ilikuwa imekoma, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Stima iliporudi, Mithika alikuwa amelala chali. Spoku moja ilikuwa imeingia jichoni mpaka karibu kuisha. Ya pili ilikuwa imepita shingoni upande hadi upande. Damu yake ilitambaa kwenye vigae ikakutana na maji, ikawa nyekundu isiyokolea, rangi ile ile ya kipande. Kiende alikuwa kando yake, shingo imevimba, uso wa samawati. Karwirwa alimwekea sikio kifuani.

Alikuwa anapumua.

Polisi waliuliza sindano ni za nani, na Karwirwa akasema ni zangu, maana angesema nini kingine? Walimlaza seli. Sokoni wakasema ni kikundi cha uchawi, kwamba wanafuma watu. Lakini Kendi alipeleka picha zake. Afisa mmoja alizifungua kwenye kompyuta mbele ya wanawake wote, moja baada ya nyingine. Kila mmoja alijitafuta akajiona. Karwirwa alikuwa chini kwenye vioo, mikono mitupu, mdomo unavuja damu. Wambeti alikuwa ukutani. Wengine walikuwa wamekumbatiana mlangoni.

Katika picha ya mwisho, nyuma ya Mithika, palikuwa na mkono. Ulikuwa wa kushoto. Ulilowa hadi kiwikoni, na mkono wa gauni ulikuwa wa kitenge cha manjano, lile lile alilovaa Joyline walipokuwa wakimmwagia maji.

Afisa aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akazima kompyuta.

"Mama, enda nyumbani," alisema bila kumwangalia. "Enda tu."

Karwirwa alimchukua Kiende akae naye. Alimshukuru Mungu kila asubuhi kwa kuwa mdogo wake yu hai, na alikuwa na haki ya kushukuru. Alama za vidole zilififia shingoni. Maji yale aliyoyabeba moyoni mwaka mzima yalikuwa yamekauka. Hakuwa yeye aliyemuua rafiki yake. Jambo moja tu lilibaki. Kiende hakukubali kuivua shali. Wambeti alikuja na mkasi ili aukate mshono ule wa mwisho, akatia ncha kwenye uzi na kukata kidogo.

Shingo ya Kiende ikatoka damu, palepale uzi ulipokatwa.

Wambeti aliuacha mkasi mezani na hakurudi tena katika nyumba ile.

Jioni moja Karwirwa alitoka shule na kumkuta mdogo wake dirishani, shali mabegani, anafuma. Uzi ulikuwa mwekundu. Karwirwa hakukumbuka kununua uzi mwekundu. Alisimama mlangoni akimtazama kwa furaha kwamba walau ana kazi ya mikono, mpaka alipoitazama mikono yenyewe.

Kiende alikuwa anafuma kwa mkono wa kushoto.

"Unafumia nani?" Karwirwa aliuliza.

"Wewe. Si bathdei yako inakaribia?"

Tangu Kiende ajue kusema, hakuwahi kumwita dada yake kwa jina lingine ila Dada. Sasa aliinua uso. Nywele zilikuwa zimelowa, na hapakuwa na mvua Kianjai wiki nzima. Akatabasamu kwa upendo mwingi, ule wa rafiki aliyekuwa na hamu nawe siku nyingi.

"Mwaka huu, Mwalimu," alisema, "beseni ya kwanza nitamwaga mimi."