Mabango ya Jaji Haddix

Kila asubuhi Adelia Haddix alikwenda shule kwa baiskeli kupitia Barabara ya Kinu, na wakati ule wa kampeni alikuwa haendi mbio hata kidogo. Alitaka kulisoma jina la bibi yake. Mabango ya buluu yalikuwa yamechomekwa kandokando ya barabara: MCHAGUENI TENA LORRAINE HADDIX, JAJI WA RUFAA. Jimboni Ohio majaji nao hupigiwa kura. Bibi alianza kama wakili wa kawaida pale mjini Pikeston, akachaguliwa, akachaguliwa tena, na sasa alikuwa akiomba kipindi chake cha mwisho.

Jumatatu moja mabango hayakuwapo. Hata moja! Yalibaki matundu tu kwenye nyasi.

"Yameibwa," Adelia alimwambia rafiki yake Boone getini pa shule. "Na mwizi namjua. Bwana Teague."

"Jirani yenu? Una hakika?"

"Hampendi Bibi, hilo kila mtu analijua."

Hapo hakusema uongo. Mwaka uliopita mzee Teague aligombania mpaka wa shamba lake na kampuni ya kokoto. Akashindwa, akakata rufaa, na majaji watatu, Bibi akiwa mmoja wao, wakamwambia ameshindwa tena. Sasa uani pake palisimama bango jekundu la Crandall, mpinzani wa Bibi.

"Halafu tangu jana gari lake limefunikwa turubai," Adelia aliendelea. "Mtu hafuniki kitu bure."

"Labda amebeba kuni."

"Kuni! Boone, wewe nawe unadanganyika kirahisi."

Bibi hakuwapo wa kuulizwa. Wiki ile alikuwa wilaya nyingine akisikiliza kesi. Basi maneno yakapata miguu. Kabla wiki haijafika katikati, shule nzima ilijua kwamba mzee Teague ni mwizi, na baada ya shule ikawa zamu ya mji. Mgahawani watu waliokuwa wakimkaribisha mezani walimpa mgongo, naye akanywa kahawa yake peke yake. Mjomba Wendell, aliyeongoza kampeni, alitabasamu tu.

"Waache waseme," alisema. "Wakituonea huruma, watatupigia kura."

Adelia alikaa dirishani akimchungulia yule mzee. Akifagia majani, Adelia aliona anafuta nyayo. Akimwita mbwa wake kwa sauti ya chini, ana jambo. Ijumaa jioni mzee alipotoka na mbwa, Adelia aliruka ua, akaling'oa lile bango jekundu na kukimbia nalo hadi kwenye banda la nyuma ya nyumba yao. Akafungua mlango.

Mama yangu! Nyuma ya mashine ya kukatia nyasi yalipangwa mabango ya buluu, yote, yamefutwa udongo vizuri kama Bibi afutavyo majembe yake.

Sasa akaanza kumshuku mtu ambaye hakuwahi kumshuku maishani. Bibi amejiibia mwenyewe? Ili watu wamhurumie?

Bibi aliporudi alimkuta hapo hapo, amekaa chini na bango la Crandall mapajani.

"Bibi, wewe ndiye uliyeyaficha?"

"Kuyaficha? Niliyang'oa Jumapili, kabla sijasafiri. Vijana waliyachomeka kwenye hifadhi ya barabara, na sheria inakataza. Nitawahukumuje wengine? Na Mjomba wako nilimwambia." Akalitazama lile bango jekundu. "Hilo nalo?"

Adelia alisimulia yote huku akilia. Bibi alikunja uso.

"Wendell alijua, akanyamaza," alisema. "Nitazungumza naye. Lakini jina la Bwana Teague ulilichafua wewe, na mbele za watu. Kesho watu wa zimamoto wanauza kifungua kinywa cha kuchangisha pesa, mji mzima utakuwapo. Utalisafisha huko huko."

"Bibi, uchaguzi ni Jumanne! Utashindwa!"

"Huenda nikashindwa. Kalale."

Asubuhi ukumbi wa zimamoto ulinukia soseji na chapati za maji. Adelia alisimama karibu na jiko, bango jekundu mkononi, na Mjomba Wendell kando yake ameinamisha kichwa. Alisema yote: nani aliyang'oa mabango ya buluu, nani alinyamaza, na nani aliiba hili jekundu. "Bwana Teague hakukosa lolote," alimaliza. "Naomba unisamehe, Bwana."

Mzee Teague aliweka uma chini.

"Mimi bibi yako simpigii kura, naye anajua," alisema. "Lakini mahakamani kwake nilisimama nikaongea mpaka nikamaliza. Walinisikiliza, wakaniuliza maswali, ndipo wakaniambia nimeshindwa. Iliniuma, ila nilikuwa nimesikilizwa. Wewe binti umenihukumu wiki nzima, na hukuja hata kunigongea mlango. Ukimshuku mtu, mwulize kwanza, umsikilize. Haya, niulize sasa."

Adelia alimsogelea. "Bwana Teague, ni wewe uliyechukua mabango ya bibi yangu?"

"Hapana, binti. Sikuyachukua."

Wale waliompa mgongo mgahawani walitazama sahani zao.

Jumanne Pikeston ilimwangusha Bibi. Kura za wilaya jirani ndizo zilizomwokoa, akashinda kwa shida. Kesho yake mzee Teague alikuja hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Sikukupigia kura, Mheshimiwa."

"Najua, Bwana Teague," Bibi alimjibu. "Adelia, mletee mgeni kiti."