Laini Kumi na Mbili

Kisa hiki kilimpata jirani yetu wa Karatina, Warigia, mwezi wa Julai mwaka wa 1975. Mama huyo hana mzaha, na anayetaka kumcheka amcheke.

Asubuhi hiyo ilianza vizuri tu. Warigia na watafiti wenzake walikunywa chai, wakatandaza nyaya zao katika ziwa dogo lililo juu ya msitu wa mlimani. Kina chake kilikuwa mita nne, lakini chini yake palikuwa na volkano, na wakubwa walitaka kujua kama imekufa au imelala. Baruti hulipuliwa ukingoni, mtetemo hushuka ardhini na kurudi, na vyombo kumi na viwili vilivyozamishwa majini kwa safu huusikiliza. Waliviita masikio. Ndani ya hema, kalamu kumi na mbili huchora laini kumi na mbili, moja kwa kila sikio.

Warigia alisimamia mashine na firimbi. Ikilia mara moja, kila mtu anaganda, kwa sababu hata hatua ya mtu huharibu karatasi. Ikilia mara mbili, kazi imeisha. Mumewe, Theuri, alikaa katika mashua ya mpira juu ya sikio la kumi na mbili, ambalo waya wake ulikuwa ukilegea. Theuri alichechemea tangu utotoni: hatua nzito, hatua nyepesi. Warigia alikuwa akimtambua kwa hatua hizo kabla hajabisha mlango.

"Maji hiyo haipigwangi na baruti," alisema mzee Kingori, mpagazi wao. "Iko na mwenyewe."

"Basi mwambie atupikie chai," Theuri akacheka, akapiga kasia.

Firimbi ikalia mara moja. Baruti ikalipuka. Kalamu zikarukaruka, kisha zikatulia.

Laini ya kwanza ikashtuka kidogo. Ikashtuka tena. Zilikuwa hatua.

"Nani anatembea?" Warigia alinong'ona.

Kingori alikuwa ameketi kando yake. Hezekiah, mkubwa wa kazi, alisimama wima ng'ambo, penye baruti. Hakuna aliyesogea.

Laini ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kitu kilikuwa kikitembea chini ya ziwa, polepole, kikielekea kwa Theuri. Kwenye ya tisa kikasimama.

Kilikuwa kikisikiliza.

Warigia alitia firimbi mdomoni, akashindwa. Akipuliza, Theuri ataanza kupiga kasia, na kitu kile kitamsikia. Asipopuliza, Theuri atakaa palepale, maana alikuwa mtu wa kutii kazi. Alimwona kupitia mlango wa hema, mita mia mbili tu, ametulia, anamtazama, anangoja.

Theuri akakohoa.

Laini ya kumi na mbili ikatikisika. Ya kumi ikaruka. Ya kumi na moja.

Warigia akapuliza. Mara mbili, mara kumi, mpaka pumzi ikakatika.

Ukungu ulipita juu ya maji. Ulipoondoka, mashua ilikuwa tupu. Ndani ilikuwa kavu.

Walipiga mbizi siku tatu katika maji yale ya mita nne. Hawakupata hata kofia.

Lakini mashine haikuwa imezimwa. Karatasi ilionyesha hatua zikirudi: laini ya kumi na moja, ya kumi, ya tisa, hadi ya kwanza. Hatua za wawili, bega kwa bega. Za mmoja zilikuwa nzito, nyepesi, nzito, nyepesi.

Warigia aliikunja karatasi hiyo, akaifungia sandukuni. Kipande cha mwisho kilikuwa cheupe. Hezekiah alikiona, Kingori pia. Kila Julai huifungua. Mwaka uliofuata, penye weupe huo palikuwa na hatua mpya za wawili hao kwenye laini ya kwanza. Mwaka wa pili, zikafika laini ya pili.

"Namtaka, Ngai wangu, namtaka arudi," alimnong'onezea mama yangu. "Lakini huyo mwingine anakuja na yeye, nitamfungulia mlango aje?"

Mwaka huu ni wa kumi na moja. Tumeitazama karatasi pamoja naye. Zimefika laini ya kumi na moja, na bado ni za wawili.