Gurudumu la Vyumba Vitatu

Saa mbili na dakika tano asubuhi, chupa mia nne za chanjo ya mifugo zilikutwa kwenye ghala kavu la bohari, chini ya bati la moto, zimeharibika zote. Saa tatu Inspekta alikuwa ofisini kwa Meneja, na tayari alikuwa amechoka. Ukutani Meneja alitabasamu pichani, akikata utepe mlangoni pa chumba kipya cha baridi.

"Hakuna cha kupeleleza," Meneja alisema. "Karani kazembea. Saa sita umwondoe hapa na pingu."

"Pingu ni zangu, bwana. Mwite."

Karani wa mapokezi ya mizigo aliingia, macho mekundu. Miaka kumi na miwili kazini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Chanjo uliiandikia chumba gani?"

"Cha baridi! Jana saa nne asubuhi. Kwenye simu kuna gurudumu la majina ya vyumba. Unalizungusha kwa kidole, jina likikaa katikati unabonyeza. Mimi hata sikuzungusha. Chumba cha Baridi kilikuwa cha kwanza."

Meneja alicheka, akamsukumia Inspekta simu. "Jionee."

Ghala Kavu. Chumba cha Sumu. Chumba cha Baridi. Cha baridi kilikuwa cha mwisho.

"Mama, unanichosha," Inspekta alisema.

"Haki ya Mungu, afande!"

Akaitwa mchukuzi, waliyemwita Kobe.

"Wewe ndiye uliyepeleka chanjo jotoni?"

"Napeleka simu inakosema. Siku moja nilihoji, nikaambiwa sikuajiriwa kufikiri."

"Jana simu ilikutuma nini kingine?"

"Sabuni, ambayo hukaa ghala kavu, chumba cha sumu. Sumu ya panya, chumba cha baridi. Nikasema labda panya wa siku hizi wanapenda vya baridi."

Inspekta hakucheka. Alichora vyumba vitatu daftarini, akavuta mishale mitatu. Kila mzigo ulikuwa umesogea nafasi moja mbele, na wa mwisho ukazungukia ya kwanza.

"Mzembe hukosea ovyo," alisema. "Huku kumekosewa kwa foleni. Mleteni fundi wa programu."

Fundi alisimama akitazama viatu vyake.

"Simu haihifadhi jina, afande. Inahifadhi nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majina ni maandishi ya kuonyesha tu."

"Nani aliyapanga upya?"

Fundi alimtupia Meneja jicho.

"Kijana, nina njaa na kichwa kinaniuma. Nani?"

"Jana asubuhi Meneja alikuwa na wageni kutoka makao makuu. Alitaka chumba chake kipya kionekane juu. Nikamwambia kazi hiyo ni ya siku nzima. Akasema, 'Badilisha maandishi tu.' Nikayabadilisha kwenye gurudumu la karani; simu ya Kobe ikabaki na mpangilio wa zamani. Leo saa mbili na nusu kanitumia ujumbe huu.""

Ujumbe ulisomeka: *Rudisha majina yalivyokuwa. Kimya kimya.*

"Saa mbili na nusu," Inspekta alirudia. "Dakika ishirini na tano baada ya chupa kuonekana. Ulijua, Meneja, na bado ukaniita nimfunge mama wa watu!"

Meneja alitazama picha yake ukutani. "Wale wageni wanachagua mkurugenzi wiki hii. Ningesema ni mimi, ningekuwa nani tena? Karani... karani hupatikana mwingine."



Saa sita kamili pingu zilitoka, kama Meneja alivyotaka, zikamfunga yeye. Kobe alishika mlango.

"Afande, mzigo huu unakwenda chumba gani?"

Karani alifuta macho. "Muulize mwenyewe. Yeye ndiye mpanga vyumba."