Kioo cha Rabab

Sogeeni karibu, mkeka unatosha. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye mtoto amnyonyeshe, kisha tunyamaze sote, maana haya hayasimuliwi kwa sauti ya juu. Yanasikia.

Yalimkuta Inshirah, mjane wa mtaa wa Karmuz, huko Iskanderia. Mungu alimpa mabinti wawili. Rabab, mkubwa, alichukuliwa na ugonjwa wa ini kabla ya Ramadhani. Akabaki Najwa, na ikabaki kompyuta ya kupakata ya marehemu, ambayo Najwa alikuwa akiisomea. Mtihani wake wa uuguzi ulikuwa karibu.

Ilianza kwa madoa.

"Mama, hebu tazama," Najwa alisema asubuhi moja. "Kioo kinababuka."

Kweli. Pale vitufe vinapogusana na kioo kompyuta ikifungwa, utando wa juu ya kioo ulikuwa unabanduka, vidoa vidogovidogo kama ngozi iliyoungua jua. Najwa akaipeleka kwa fundi Girgis, kule kwenye kituo cha tramu, akarudi anacheka.

"Anasema kina ukoma, ila hauambukizi. Ni kasoro ya kiwandani, wenye kampuni wanaijua. Dhamana haijaisha, watatuwekea kioo kipya bure. Lakini tuwahi, mwezi huu ndio wa mwisho."

"Na hiki cha zamani?"

"Wanakichukua wao."

"Basi kiache," mama yake alisema. "Dada yako alikitazama hiki, si hicho kingine."

Najwa akaifunga kompyuta. Tangu msiba alikuwa amejifunza kutobishana.

Ikawa kila magharibi, Najwa akitoka kwenda kununua mkate, Inshirah huipakata ile kompyuta kama mtoto mchanga na kukifuta kioo. Alikuwa na kipande cha pamba nyeupe alichokificha kifuani tangu siku ya maziko, kitambaa laini chenye harufu ya karafuumaiti. Alifuta polepole, akilia, na kila alipofuta utando ulizidi kutoka. Madoa yakaungana. Likatokea paji la uso. Likatokea shavu. Siku nyingine kikatokea kidevu chenye kishimo, na Inshirah akakijua kishimo kile, maana ni yeye aliyekizaa.

"Rabab," alinong'ona.

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kioo kilikuwa cheusi tii. Na ndani ya weusi ule kope zikainuka.

"Mama."

Hakukimbia. Nani angekimbia? Alikiegemeza kioo shavuni, kikawa baridi kama jiwe la kisimani, akamsimulia mwanawe habari za nyumbani, mchuzi wa mulukhiya ulioungua, jirani aliyeposwa. Sauti ikaitikia, naam Mama, naam Mama. Tangu hapo Inshirah akawa anaingoja magharibi kama anavyoingojea mtu aliyefunga.

Lakini Najwa akaanza kupungua. Nywele zikabaki kwenye kitana. Vidole vikawa baridi katikati ya kiangazi. Mchana wa jua kali alikuwa akisikia vitufe vikigongwa, tak, tak, na kompyuta imefungwa juu ya kabati. Na chumba chake kikanuka karafuumaiti, hata kwenye mto wa kulalia, hata kwenye mkate. Siku moja mama alimwita jikoni, "Rabab!", kwa kupitiwa tu, na Najwa akaitika "Naam, Mama" kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Nani kakwambia? Wewe huniangalii, Mama. Unaangalia kioo."

Magharibi ile Inshirah alipofuta, uso ulikuwa umekaribia, kana kwamba kilichobaki kati yao ni unyuzi tu wa ule utando, na midomo ikamwambia kwa upole, kwa sauti ileile iliyokuwa ikimwomba maji hospitalini, kwamba huku chini kuna baridi, Mama, kuna giza na hakuna wa kuzungumza naye, nipe Najwa, mlaze karibu na kioo usiku mmoja tu, yeye bado ana joto jingi, hatalihitaji lote.

Inshirah akakifunga kifuniko. Vitufe vikagonga kwa ndani.

Akatoka pekupeku hadi kwa Bibi Fikriya, mwosha maiti wa mtaa, aliyemwosha Rabab kwa mikono yake. Akamweleza yote, kwa kunong'ona, mlangoni.

"Ulikuwa unakifuta kwa kitu gani?" bibi aliuliza.

Inshirah akakitoa kitambaa kifuani.

Bibi Fikriya akakaa chini. "Hiki ndicho nilichomwoshea. Nilikitafuta siku ile nikadhani nimezeeka. Binti, kitambaa cha kuoshea maiti huzikwa naye. Hujui?"

"Najua. Ndicho cha mwisho kumgusa."

"Na kila mtu ana dada yake wa chini ya ardhi, jini mwenye sura na sauti yake. Wa juu akifa, wa chini humfuata kaburini. Wa Rabab hakumfuata. Kwa kitambaa hiki ulimwachia njia, kisha ukawa unamfungulia mlango kila magharibi."

"Na kama ni Rabab mwenyewe, bibi?"

"Rabab angemtaka mdogo wake?"

Inshirah akalia. Rabab alikuwa akimmegea Najwa mkate kabla hajala yeye.

"Usikivunje," bibi alisema. "Ukikivunja, kila kigae kitakuwa na jicho lake. Kitoke nyumbani mwako kizima, na ukitoe kwa ridhaa yako. Mikono yangu haitoi. Mkono wa Najwa hautoi. Wa mama tu. Hiki kitambaa niachie, nitakizika kaburini kwa Rabab, kichwani pake."

Kesho yake mama na binti walipanda tramu, mashine imefungwa ndani ya shali. Fundi Girgis aliifunua, akapuliza vumbi.

"Loo, Hajja. Huu si ukoma tena, hii ni ramani ya dunia."

"Nimekuwa nikikifuta, fundi. Nisikufiche."

"Kila mtu hufuta. Kasoro ni yao, si yako." Akakipasha kioo moto pembeni, akakibandua taratibu, akakishika mkononi. "Hiki hakirudi, ndiyo sheria ya dhamana. Umeridhia?"

Ndani ya kioo, uso uligeuka. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza, na ni Inshirah peke yake aliyesikia: *Mama, unanitoa?*

Najwa alikuwa ameegemea mlango, midomo imekauka, anatetemeka juani.

"Hajja?" fundi alisema. "Umeridhia?"

"Nimeridhia, mwanangu," alisema, na fundi akadhani anaambiwa yeye.

Baada ya hapo kila mtu alirithi fungu lake. Najwa alirithi kompyuta yenye kioo safi, joto la vidole vyake, na kazi ya uuguzi. Kaburi lilirithi kitambaa. Kampuni ilirithi kioo kibovu, ndani ya boksi pamoja na wenzake, na hakuna aliyejua kilipelekwa wapi wala kitapakwa utando gani. Na Inshirah alirithi saa ya magharibi, nzima, kila siku, bila mtu wa kumwita Mama mpaka Najwa arudi na mkate.